Mayai ya urchini yamegawanyika kwa mkupuo kuwa seli nne badala ya mbili: kosa liko wapi?

MwalimuWaPwani

Salamu kwenu nyote. Ninafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga, na mwaka huu niliamua kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha sita utungisho wenyewe kwa macho yao, badala ya kuwachorea ubaoni yai lililong'ang'aniwa na mkia wa mbegu. Nilimchagua yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mifupi, myeupe na ya rangi ya chungwa, anayelisha kwenye majani ya bahari na ambaye wanasayansi humwita Tripneustes gratilla. Jina lake la mitaani hubadilika kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, kwa hiyo hapa nitamwita urchini tu, tusije tukagombania jina kabla ya kufika kwenye mayai.

Tuliwaokota asubuhi wakati wa bamvua, maji yalipokupwa sana, tukawafikisha shuleni katika ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa kibichi. Kila mmoja tulimdunga mililita moja ya kloraidi ya potasiamu (gramu 3.7 katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa) kupitia ngozi laini inayouzunguka mdomo. Baada ya dakika chache majike walianza kudondosha mayai ya manjano iliyopauka kutoka kwenye vitundu vitano vya upande wa juu, na madume wakatoa manii meupe, mazito kama tui la kwanza. Tulichanganya, tukatazama kwa hadubini, na katika muda wa kama dakika moja tukaona utando ukiinuka kuzunguka kila yai. Darasa lilipiga makofi.

Matatizo yalianza saa moja na dakika chache baadaye. Mayai mengi yaligawanyika kuwa seli mbili kama vitabu vinavyosema, lakini karibu theluthi moja yaliruka hatua: yai zima lilipata mikunjo miwili kwa wakati mmoja na kuwa seli nne. Jambo la pili ndilo lililonishangaza zaidi. Seli hizo nne hazikufa. Ziliendelea kugawanyika, zikafanya mpira wa seli kama wenzao, na asubuhi iliyofuata baadhi yao walikuwa wakiogelea. Wale wa kawaida walikuwa wameshaanza kubonyea upande wa chini ili kufanya utumbo, ilhali hawa wengine walikuwa wamegeuka vifuko vilivyojaa seli zilizoachana, na kufikia jioni wote walikuwa wamekufa.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, nilikosea nini? Pili, kama kiinitete kimeharibika tangu mgawanyiko wa kwanza, kwa nini kisife hapo hapo, kikasubiri mpaka siku ya pili?

MajiKupwa

Mwalimu, hongera na pole kwa pamoja. Mimi si mtu wa viinitete vya urchini, lakini nimelea vifaranga vya jongoo bahari kwa miaka kadhaa, na jambo la kwanza ninalolitilia shaka daima ni maji. Hukusema ni mwezi gani. Ikiwa ilikuwa masika na mliteka maji karibu na mdomo wa mto au kwenye mkondo wa mikoko, basi mlichoteka hakikuwa maji ya bahari kamili. Jamii hii ya wanyama haiwezi kurekebisha chumvi ya mwili wake kama samaki wanavyofanya. Maji yakipungua chumvi, wao na mayai yao huvimba. Tena nimewahi kusoma kwamba mlango ambao yai huufunga dhidi ya mbegu ya pili hutegemea sodiamu iliyomo majini, kwa hiyo maji yaliyozimuliwa na mvua huenda yakauacha mlango huo wazi.

Tekeni maji mbali na mto, maji yakiwa yamejaa, yachujeni kwa kitambaa chenye nyuzi za karibu, na mpime chumvi: iwe karibu sehemu 35 katika 1,000. Na kama vyombo vyenu vilioshwa kwa sabuni, hata mwaka jana, visitumike. Chombo cha viinitete huoshwa kwa maji matupu na kubaki na kazi hiyo moja maisha yake yote.

SeliMojaMoja

Mwalimu, ushauri wa ndugu MajiKupwa kuhusu sabuni na kuchuja maji ni wa kufuatwa bila mjadala, lakini sidhani kwamba chumvi ndiyo mkosaji wako. Maji yangekuwa yamezimuliwa kiasi cha kudhoofisha ule mlango wa sodiamu, mayai yangevimba na kupasuka kwanza, na theluthi mbili zisingeendelea vizuri kama ulivyoeleza. Ninachokiona katika maelezo yako ni mayai yaliyoingiwa na mbegu mbili, na kwa bahati njema umeangukia mojawapo ya majaribio makuu ya biolojia bila kukusudia.

Kabla ya hapo, hakikisha jambo moja. Zipo njia mbili za kufika kwenye seli nne kwa mkupuo, na hutofautishwa kwa saa, si kwa hadubini. Ikiwa yai lilipata mikunjo miwili wakati ule ule wenzake walipokuwa wakitoka seli moja kwenda mbili, basi liliingiwa na mbegu mbili. Ikiwa lilikaa kimya wakati huo, kisha likagawanyika kuwa manne pale wenzake walipotoka mbili kwenda nne, basi kiini chake kiligawanyika kama kawaida na ni mwili wa seli tu ulioshindwa kujikata mara ya kwanza, labda kwa joto au kwa mtikisiko. Kwa muda ulioutaja, saa moja na dakika chache, ninaamini lako ni la kundi la kwanza.

Sasa kuhusu mlango. Yai la urchini lina milango miwili. Wa kwanza ni wa umeme: kabla ya utungisho, upande wa ndani wa utando wake una takriban milivolti 70 chini ya sifuri, na mbegu ya kwanza inapoungana nao, ioni za sodiamu huingia na ndani ya sekunde moja hadi tatu kipimo hupanda juu ya sifuri, kufika karibu milivolti 20. Katika hali hiyo mbegu nyingine haiwezi kuungana na utando. Laurinda Jaffe alilithibitisha hili mwaka 1976 kwa kushika umeme wa yai kwa mrija mwembamba sana wa kioo: aliposhikilia kipimo juu ya sifuri mbegu hazikuingia kabisa, na alipokishusha ziliingia nyingi. Mlango huu hufunguka tena baada ya kama dakika moja. Kufikia wakati huo wa pili huwa umeshafungwa: wimbi la kalsiamu hupita yai zima, vifuko vidogo karibu 15,000 vilivyopangwa chini ya ngozi ya yai hupasuka na kumwaga vilivyomo, na ule utando mliopigia makofi huinuka na kuzisukuma mbali mbegu zote zilizochelewa.

Angalia basi udhaifu uko wapi. Mlango wa kwanza ni wa haraka, lakini sekunde moja ni muda mrefu kwa yai lililozungukwa na maelfu ya mbegu. Ukimwaga manii mengi mno, uwezekano wa mbegu mbili kugusa na kuungana kabla umeme haujapanda unakuwa mkubwa. Ninashuku kwamba mwanafunzi mmoja alimimina lile tui la kwanza lilivyo. Mayai yaliyokaa saa kadhaa tangu kudondoshwa nayo hufunga milango yao kwa uzembe, kadhalika mayai machanga, ambayo utayatambua kwa kiini kikubwa cheupe kinachoonekana wazi katikati. Ndugu wawili Oscar na Richard Hertwig walionyesha mwaka 1887 kwamba hata nikotini huyafanya mayai yakubali mbegu nyingi, kwa hiyo kama kuna mvutaji miongoni mwenu, anawe mikono.

Mbegu ya pili inaleta madhara gani? Watu wengi hudhani kwamba shida ni kromosomu za ziada. Shida iko kwingine. Kila mbegu huja na sentrosomu, yaani kituo kinachopanga nyuzi za kuvuta kromosomu, na kituo hicho hujigawa kuwa viwili ili yai lipate ncha mbili za kuvutia. Mbegu mbili huleta vituo viwili, vinakuwa vinne, na kromosomu zinavutwa kuelekea ncha nne kwa wakati mmoja. Ndiyo maana yai linakatika mara nne, yaani kuwa seli nne.

Mjerumani Theodor Boveri ndiye aliyeliona jambo hili kuwa ni ufunguo badala ya usumbufu. Alifanya kazi na urchini wa Napoli, katika kituo cha baharini kilichoanzishwa na Anton Dohrn mwaka 1872, na katika kazi hizo alisaidiwa na mkewe Marcella O'Grady, Mmarekani ambaye naye alikuwa mwanabiolojia. Aliyatungisha mayai kwa mbegu mbili kwa makusudi na mwaka 1902 akachapisha hoja yake. Aina ile ina kromosomu 18 katika yai na 18 katika mbegu. Yai lenye mbegu mbili lina seti tatu, jumla 54, ambazo baada ya kujinakili zinakuwa 108, nazo zinagawiwa seli nne bila utaratibu. Wastani ni 27 kwa seli. Lakini ilishajulikana wakati huo kwamba yai lililozinduliwa bila mbegu yoyote, lenye kromosomu 18 tu, linaweza kukua mpaka kuwa lava mzima, yaani mtoto wa urchini anayeogelea. Jacques Loeb alikuwa amelionyesha hilo Woods Hole, Marekani, mwaka 1899. Kwa hiyo seli yenye 27 haifi kwa uchache wa idadi. Inakufa kwa sababu baadhi ya aina za kromosomu haikuzipata hata moja. Kutokana na hilo Boveri akahitimisha kwamba kromosomu hazifanani kazi, na kwamba kila moja imebeba kitu ambacho nyingine hazina. Hayo aliyasema wakati hakuna aliyejua jeni imetengenezwa kwa nini.

Unaweza kuwafanyia wanafunzi hesabu hii ubaoni, nami huipenda kwa sababu inahitaji penseli tu. Tuseme kila kromosomu, baada ya kujinakili, hushikwa na ncha mbili zozote kati ya nne. Basi uwezekano wa ncha fulani kuikosa ni nusu. Kila aina ina nakala tatu, kwa hiyo uwezekano wa seli kukosa aina hiyo kabisa ni nusu mara nusu mara nusu, yaani moja ya nane. Ili seli iwe na aina zote 18 lazima iponyoke mara 18 mfululizo: saba ya nane ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 18, ambayo ni kama asilimia 9. Seli moja kati ya 11, hivyo, ndiyo yenye seti kamili, na kiinitete kinahitaji zote nne.

Boveri hakuishia kwenye hesabu. Alizitenganisha zile seli nne katika maji ya bahari yasiyo na kalsiamu, mbinu ya mwenzake Curt Herbst, ambayo huzifanya seli ziachiane zenyewe. Seli nne za kiinitete cha kawaida, zikitenganishwa, kila moja inaweza kufanya lava mdogo aliyekamilika. Seli nne za yai lenye mbegu mbili zilikwenda kila moja njia yake: moja ilikufa mapema, nyingine ilifika mbali kidogo, nyingine ilifika mbali zaidi.

Swali lako la pili ninamwachia mwenye ujuzi wa RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni ambazo seli huzisoma ili itengeneze protini, kwa kuwa mimi ni mtu wa seli na nisingependa kulijibu nusunusu.

MwalimuWaPwani

Ndugu SeliMojaMoja, ninakushukuru sana, na nimekiri kosa mbele ya darasa. Nimewauliza wanafunzi na ni kweli: bakuli lililoharibika zaidi lilitiwa manii mabichi, mrija mzima, na mwanafunzi aliyefanya hivyo alidhani anatusaidia tusikose utungisho. Kuhusu wakati, seli nne zilitokea pamoja na seli mbili za wenzao, dakika zile zile. Maji tuliyateka maji yakiwa yamejaa, mbali na mto, ingawa chumvi hatukuipima.

Nilipowaeleza habari za kromosomu zinazokosekana, binti mmoja aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: kama seli haina baadhi ya maagizo, ilijuaje kugawanyika mara saba, mara nane, bila kukosea, na kisha ikasahau?

Dk_Mwanisa

Mwalimu, shikamoo, na umfikishie binti huyo salamu zangu, kwa kuwa swali lake lina umri wa karibu miaka 100 na lilijibiwa kwa mayai ya mnyama huyu huyu.

Seli haikusahau. Tangu mwanzo ilikuwa haifuati maagizo yake yenyewe. Yai linapoundwa ndani ya mwili wa mama hujazwa akiba ya RNA na protini, kama msafiri anayefungiwa masurufu ya safari, na migawanyiko ya mwanzo huendeshwa zaidi kwa akiba hiyo. Ushahidi wa kale unaoshangaza kuliko wote ni wa Ethel Browne Harvey, aliyefanya kazi Woods Hole na urchini aitwaye Arbacia punctulata. Aliyazungusha mayai katika mashine ya kasi mpaka yakavutika na kukatika vipande viwili, kimoja chenye kiini na kingine kisicho nacho. Kisha akakizindua kile kipande kisicho na kiini, bila mbegu. Mwaka 1936 alieleza kwamba vipande hivyo, visivyo na kromosomu za mama wala za baba ndani ya kiini, viligawanyika na kugawanyika tena mpaka vikafanya rundo la mamia ya seli. Havikwenda mbele ya hapo, ila kufika hapo peke yake kulitosha kumtia mtu butwaa.

Miaka ya mwanzo ya 1960 Paul Gross na Gustave Cousineau walilifikia jambo hilo kwa mlango mwingine. Waliviweka viinitete katika dawa ya aktinomisini D, inayozuia kiini kunakili RNA mpya. Viinitete viligawanyika, vikatengeneza protini, vikafika hatua ya mpira wa seli, na hapo vikasimama, bila kuweza kubonyea ndani kufanya utumbo. Ukilinganisha na vifuko ulivyoviona asubuhi ile, Mwalimu, utaona kwamba ajali yako na majaribio haya mawili vinaelekeza sehemu moja: mpaka uliopo kati ya mpira wa seli na utumbo ndio mpaka ambapo masurufu ya mama hayatoshi tena, na kila seli inatakiwa kusoma kromosomu zake yenyewe. Aliyekosa ukurasa hugundua hapo kwamba hana.

Nitaongeza jambo kuhusu akiba hiyo. Mwaka 1982, huko huko Woods Hole na kwa Arbacia huyo huyo, Mwingereza Tim Hunt aliyalisha mayai yaliyotungishwa methionini (kijenzi kimojawapo cha protini) yenye mnururisho ili aone ni protini zipi zinatengenezwa kutokana na RNA ya mama. Nyingi ziliongezeka tu kadiri muda ulivyopita. Moja iliongezeka, ikatoweka kabla ya seli kugawanyika, ikaongezeka tena, ikatoweka tena, kwa mzunguko. Aliiita saiklini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1983, na mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobeli na Leland Hartwell na Paul Nurse. Kazi ile ilihitaji mamilioni ya mayai yanayogawanyika kwa pamoja kama kikosi cha gwaride, na urchini mmoja jike hutoa mayai ya namna hiyo kwa sindano moja ya chumvi. Sijui mnyama mwingine ambaye angetoa hayo kwa urahisi huo.

Nini hasa kinasomwa baada ya mpaka? Hapa ndipo penye kazi ya maisha ya Eric Davidson, wa taasisi ya teknolojia ya California, aliyefariki mwaka 2015. Yeye na wenzake walitumia urchini wa zambarau wa pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kaskazini kuchora, jeni kwa jeni, nani anamwamuru nani. Ramani yao ya kwanza kubwa ilitoka mwaka 2002, na mwaka 2006 jinomu nzima ya mnyama huyo, yaani maandishi yake yote ya urithi, ikachapishwa: herufi zipatazo milioni 814 na jeni karibu 23,300, idadi isiyo mbali na ya binadamu.

Nichukue kona moja tu ya ramani hiyo. Katika mgawanyiko wa nne kiinitete hakigawanyiki sawasawa: upande wa chini hutokea seli nne ndogo sana, na waambie wanafunzi wazitafute, maana zinaonekana hata kwa hadubini ya shule. Kizazi cha seli hizo ndicho kitakachojenga mifupa midogo ya chokaa ya lava. Zinajuaje? Karibu seli zote za kiinitete zina protini iitwayo HesC, ambayo kazi yake ni kuzuia jeni za mifupa zisiwake. Katika zile seli ndogo peke yake, akiba ya mama iliyorundikwa upande wa chini huwasha jeni iitwayo pmar1, na pmar1 humzuia mzuiaji. HesC ikiondoka, jeni kama alx1 zinawaka na kazi ya mifupa inaanza. Ni kama bawabu anayewazuia watu mlangoni, kisha anakuja mkubwa wake na kumwondoa bawabu: hakuna aliyewaambia watu waingie, lakini wanaingia.

Sasa mrudishe binti yule kwenye hesabu ya asilimia 9. Mfikirie seli iliyopoteza kromosomu yenye alx1. Itagawanyika vizuri kwa masurufu ya mama, kisha bawabu ataondolewa na hakutakuwa na mtu wa kuingia. Seli nyingine imepoteza aina nyingine ya kromosomu, na pamoja nayo mamia ya jeni, zikiwamo zile zinazozishikanisha seli. Vifuko vyenye seli zilizoachana, ulivyovitazama, ndivyo hivyo.

MajiKupwa

Nimesalimu amri kuhusu chumvi, ingawa bado ningeipima. Naongeza onyo moja kwa kuwa hawa ni watoto wa shule. Katika majani yale yale ya bahari anapatikana urchini mwingine, Toxopneustes pileolus, anayefanana kidogo na wenu lakini mwili wake umefunikwa na vitu kama maua madogo yaliyochanua. Maua hayo yana sumu kali na hayaguswi kwa mkono mtupu. Mwalimu awatangulie wanafunzi kuokota. Na msiokote ndani ya hifadhi, hata watano tu.

MwalimuWaPwani

Nimerudi na majibu. Safari hii, ili mayai yasizeeke, tuliwadunga wanyama ufukweni na kutungisha hapo hapo chini ya mkungu. Manii tuliyaweka makavu katika kichupa ndani ya barafu bila kuyatia maji. Kisha tone moja tulilizimua katika mililita 10 za maji ya bahari, na kati ya hayo tukatia matone matatu katika glasi ya mayai. Glasi ya pili tuliitia manii mazito kwa makusudi, kama Boveri. Tukawarudisha wanyama wote majini.

Katika glasi ya kwanza sikuliona hata yai moja la seli nne kwa mkupuo. Mayai machache hayakutungishwa, na wanafunzi wamejifunza kwamba hiyo ni gharama ndogo. Zile seli nne ndogo za mgawanyiko wa nne tumeziona, na yule binti amezichora. Katika glasi ya pili karibu nusu ya mayai yalikatika mara nne. Kuna kitu kimoja ambacho hatukukitarajia: katika glasi hiyo ya pili tuliona pia mayai kadhaa yaliyokatika mara tatu, kama jani la kunde. Hayo yanatoka wapi? Mbegu moja na nusu haipo.

SeliMojaMoja

Hayo pia Boveri aliyapata, Mwalimu, na aliyapenda kuliko yote. Yai linaingiwa na mbegu mbili, lakini kituo kimoja kati ya vile viwili kinashindwa kujigawa, kwa hiyo ncha zinakuwa tatu. Rudia hesabu ile: sasa uwezekano wa ncha kuikosa kromosomu fulani ni theluthi moja, wa kukosa nakala zote tatu ni moja ya 27, na uwezekano wa seli kuwa na aina zote 18 unapanda kutoka asilimia 9 hadi karibu asilimia 50. Ndiyo maana lava wazima walitokea mara nyingi zaidi katika mayai yake yaliyokatika mara tatu kuliko yale ya mara nne. Yatengeni yenu katika bakuli la peke yake na mhesabu mangapi yatafika kwenye mifupa.

Yeye aliyapata kwa kuyatikisa mayai muda mfupi baada ya utungisho. Je, mliyatoaje ufukweni?

MwalimuWaPwani

Kwa bodaboda. Barabara ni ya vumbi na ina mashimo, na glasi ya pili ndiyo iliyokuwa mkononi mwa aliyekaa nyuma.

Mayai ya mara tatu tuliyoyatenga ni 19. Kesho alfajiri nitayaangalia kabla ya gwaride la shule, kisha nitaandika hapa.